Programu ya C inang'ang'ania Kiingereza: kusaka tatizo la katalogi za ujumbe

Tafsiri ya Kiswahili ipo, `gencat`, zana inayogeuza faili la tafsiri la `.msg` kuwa katalogi ya `.cat`, imepita bila kulalamika, faili la `.cat` unaliona kwa macho yako, lakini ukiwasha programu inakuongelesha Kiingereza. Hakuna kosa lililotangazwa, hakuna kilichoanguka. Kwa sisi tunaoandika programu za C hapa Mwanza na kuzipeleka zikafanye kazi mwaloni na kwenye maghala ya samaki, tatizo hili lina uzito wake. Karani wa mwalo wa Kirumba anayepokea mzigo alfajiri, mtumbwi umeshafika na mchuuzi amemsimamia, hana muda wa kukisia `Weight not stable` ina maana gani. Atabonyeza chochote mradi foleni isogee. Kilo zikiingia vibaya, mvuvi ndiye anayelipia.

Nitatumia programu moja ya mfano, tuiite `mizani`. Inasoma uzito kutoka kwenye mzani, karani anachagua aina ya samaki (sangara, sato, dagaa), na printa ndogo inatoa stakabadhi. Ujumbe wake wote umewekwa nje ya programu, kwenye katalogi inayofunguliwa kwa `catopen`, kusomwa kwa `catgets` na kufungwa kwa `catclose`. Maelezo yanahusu Linux yenye glibc, maktaba ya msingi ya C iliyo ndani ya Ubuntu, Debian na Fedora. Pale mifumo mingine inapokwenda njia yake, nitataja.

Kwanza ifanye iseme

Chanzo cha usumbufu wote ni kigezo cha nne cha `catgets`. Pale unaweka maandishi ya akiba, na fanksheni inakurudishia hayo hayo ikishindwa kwa sababu yoyote ile. Mpango huo ni mzuri, kwa sababu programu haifi eti tafsiri imepotea. Ubaya wake ni kwamba magonjwa kumi tofauti yana dalili moja, Kiingereza kwenye skrini. Kwa hiyo kabla ya kugusa kingine chochote, ilazimishe programu iseme ilipokwama:

```c
#include <errno.h>
#include <locale.h>
#include <nl_types.h>
#include <stdio.h>
#include <string.h>

static nl_catd kat = (nl_catd) -1;

static void fungua_katalogi(void)
{
    if (setlocale(LC_ALL, "") == NULL)
        fprintf(stderr, "mizani: lokali imekataliwa\n");

    kat = catopen("mizani", NL_CAT_LOCALE);
    if (kat == (nl_catd) -1)
        fprintf(stderr, "mizani: katalogi haikufunguka: %s\n",
                strerror(errno));
}
```

Angalia ulinganisho ulivyoandikwa. `catopen` ikishindwa hairudishi `NULL`, inarudisha `(nl_catd) -1`. Anayeandika `if (!kat)` hatakamata kosa hata siku moja, na kwenye glibc `nl_catd` ni pointa, hivyo `if (kat < 0)` nayo haina maana yoyote.

Dalili: ujumbe wote ni wa Kiingereza

Usianze kukisia. Iulize kernel, kwa zana ya `strace`, programu ilikwenda kutafuta faili wapi:

```
strace -e trace=openat ./mizani 2>&1 | grep mizani
```

Tuseme umepata mstari huu:

```
openat(AT_FDCWD, "/opt/mizani/C/mizani", O_RDONLY) = -1 ENOENT
```

`ENOENT` maana yake faili halikupatikana, na mstari mmoja huo unakuambia mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni ile `C` katikati ya njia. Programu haijui kabisa kwamba unataka Kiswahili. Ama `setlocale` haikuitwa, ama iliitwa baada ya `catopen`, ama iliitwa ikakataliwa. Programu yoyote ya C inaanza maisha yake ikiwa kwenye lokali (mpangilio wa lugha na nchi) ya `C`, hata kama `LANG` imeandikwa `sw_TZ.UTF-8`. Ni `setlocale` tu inayoibadilisha lokali hiyo kwa kusoma vigeu vya mazingira, na inavisoma kwa mpangilio: `LC_ALL` kwanza, kisha `LC_MESSAGES`, mwisho `LANG`.

Kukataliwa ndiko kunakowachelewesha watu, kwa sababu kuandika `export LANG=sw_TZ.UTF-8` hakusakinishi lokali. Andika `locale -a | grep sw`. Usipoona `sw_TZ`, mashine haina Kiswahili. Ubuntu unaongeza kwa `sudo locale-gen sw_TZ`. Debian unaondoa alama ya reli (`#`) mbele ya `sw_TZ UTF-8` ndani ya `/etc/locale.gen` halafu unaita `sudo locale-gen`. Fedora unasakinisha kifurushi cha `glibc-langpack-sw`. Lokali ya `sw_KE` nayo ipo, ila chagua moja na uishike, maana majina ya folda yanaweza kufuata jina hilo.

Neno la pembeni kwa wanaogeuza maandishi ya mzani kuwa namba kwa `strtod`: `LC_ALL` ndani ya `setlocale` inagusa hata alama ya desimali. Kama huna sababu ya kubadilisha tarakimu, weka `LC_CTYPE` na `LC_MESSAGES` peke yake, uzito ubaki ulivyo.

Jambo la pili kwenye mstari ule ni kwamba njia imeishia `mizani`, bila `.cat`. `catopen` haiongezi kiambishi chochote. Inachukua kiolezo kilichomo kwenye kigeu cha mazingira `NLSPATH` na kujaza nafasi: `%N` ni jina ulilolipa, `%L` ni lokali nzima, `%l` ni lugha tu, `%t` ni nchi, `%c` ni mfumo wa herufi. Ukitaka `.cat` uiandike mwenyewe:

```
export NLSPATH=/opt/mizani/%l/%N.cat
```

Nimeweka `%l` kwa makusudi. Wengi wanaandika `%L`, wanatengeneza folda ya `sw_TZ`, kisha mashine ya mteja ina `LANG=sw_TZ.UTF-8` na utafutaji unakwenda kwenye folda `sw_TZ.UTF-8` ambayo haipo. Waliozoea gettext, mfumo mwingine wa tafsiri, wanategemea mfumo upunguze jina wenyewe hadi ufike `sw`. Huku hakuna kupunguza. Jina ni hilo hilo herufi kwa herufi, au hakuna faili. Kwa `%l` folda ni `sw`, na inafanya kazi kwa Mtanzania na Mkenya sawia.

Kama kwenye strace hakuna `/opt/mizani` hata mara moja, na unachoona ni `/usr/share/locale/...` tu, basi `NLSPATH` haikuifikia programu. Hapo rudi uangalie imewashwa na nani.

Na kama `catopen` ina `0` badala ya `NL_CAT_LOCALE`, basi inatazama `LANG` peke yake. Unaweza kubadilisha `LC_ALL` mpaka jua lizame upande wa Sengerema, haitajali.

Dalili: kwa mkono inaongea Kiswahili, ikijiwasha yenyewe inaongea Kiingereza

Hii ndiyo inayotokea baada ya kufunga programu kwa mteja, mashine ikizimwa na kuwashwa. Terminali yako ina `LANG` na `NLSPATH`. Cron (inayoendesha kazi kwa ratiba), systemd (inayowasha huduma) na sudo (inayoendesha amri kwa mamlaka ya root) hazina habari navyo.

Kwa systemd kuna mtego ambao nautaja kwa msisitizo kwa sababu haupigi kelele. Ukiandika hivi kwenye faili la huduma:

```
Environment=NLSPATH=/opt/mizani/%l/%N.cat
```

systemd nayo ina alama zake za asilimia, na inazijaza kabla programu haijawashwa. Kwake `%l` ni jina fupi la mashine na `%N` ni jina la huduma bila kiambishi. Huduma ikiitwa `mizani.service`, `%N` itageuka kuwa `mizani` na utaona kama mambo yako sawa, huku `%l` ikiwa imegeuka jina la kompyuta. Aliyetumia `%L` ndiye anayeshangaa zaidi, kwa kuwa kwa systemd hiyo ni `/var/log`. Dawa ni kurudufu alama:

```
Environment=LANG=sw_TZ.UTF-8
Environment=NLSPATH=/opt/mizani/%%l/%%N.cat
```

Au weka vigeu kwenye faili la pembeni na ulitaje kwa `EnvironmentFile=`. Yaliyomo humo systemd haiyagusi.

Cron ina lake. Asilimia ndani ya amri ya crontab inageuzwa kuwa mstari mpya, hivyo `NLSPATH=...%l/%N.cat /opt/mizani/bin/mizani` baada ya nyota tano inakatika katikati. Andika kigeu kwenye mstari wake juu ya crontab, au ita skripti ndogo inayoweka vigeu vyote.

Sudo inaiondoa `NLSPATH` kwa kukusudia, na glibc yenyewe inaipuuza kwenye programu za setuid, yaani zinazoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili. Sababu ni ya kiusalama. Katalogi ndiyo inayotoa maandishi yanayoingia kwenye `printf`, kwa hiyo anayechagua katalogi anaweza kuipotosha programu yenye mamlaka ya root. Usipambane na ulinzi huo. Weka faili kwenye njia ya msingi ya glibc, kwa mfano `/usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/mizani`, ukikumbuka kwamba njia hiyo ya msingi haina `.cat` mwishoni.

Dalili: ujumbe mwingi ni sawa, mmoja mmoja ni wa zamani au si mahali pake

Hapa katalogi imefunguka. Kilichoharibika ni yaliyomo. Stakabadhi inaandika "Karatasi imekwisha" mahali pa "Jumla". Sababu kubwa ni kwamba `gencat` haianzi upya. Ikikuta faili la zamani lenye jina ulilotoa, inachanganya ujumbe mpya na wa zamani, na ule ulioufuta kwenye faili la `.msg` unaendelea kuishi ndani ya `.cat`. Futa kwanza, kisha utengeneze:

```
rm -f mizani.cat
gencat mizani.cat mizani.sw.msg
```

`gencat` ya glibc ina chaguo la `--new` linalofanya kazi hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni namba. Faili la `.msg` linaonekana hivi:

```
$ Ujumbe wa stakabadhi
$set 1
1 STAKABADHI YA MZIGO\n
2 Mzani haujatulia. Subiri.\n
3 Karatasi imekwisha\n
```

Mtu akiingiza ujumbe mpya katikati na kusogeza namba za chini yake, wakati programu iliyoko mwaloni bado ina namba za zamani, kila ujumbe unahama nafasi. Hatari hii ni kubwa zaidi ukitumia majina badala ya namba, jambo ambalo `gencat` ya glibc inaliruhusu kwa `-H` inayotoa faili la kichwa lenye `#define` zake. Majina yanapewa namba kwa mpangilio yalivyoandikwa, kwa hiyo kichwa na katalogi vikitoka kwenye matoleo mawili tofauti utapata mchanganyiko. Msimamo wangu ni kutumia namba zilizoandikwa kwa mkono, ujumbe mpya uongezwe mwisho wa seti, na namba iliyostaafu isipewe ujumbe mwingine.

Kumbuka pia kwamba baada ya namba kuna nafasi moja tu inayotenganisha. Nafasi za ziada ni sehemu ya ujumbe, na zitasukuma maandishi kulia kwenye karatasi nyembamba ya printa.

Dalili: "ng'ambo" inatoka na takataka, au gencat inaikataa

Kiswahili hakina herufi zenye vinyongeza, kwa hiyo mara nyingi hatuoni matatizo ya mfumo wa herufi mpaka tufike kwenye ng'. Mtafsiri akiandika kwenye simu au programu ya ofisi, kile kikoma cha juu kinabadilishwa kuwa chenye mkunjo, ambacho kwenye UTF-8 kinachukua baiti tatu. Printa nyingi za stakabadhi hazisomi UTF-8, na mteja wa Nyang'hwale anakuta jina la wilaya yake limevurugika kwenye karatasi. `gencat` nayo ikiendeshwa kwenye lokali ya `C` inaweza kuutupa ujumbe huo kwa onyo tu, kisha ujumbe huo mmoja unabaki wa Kiingereza. Zitafute baiti hizo mapema:

```
LC_ALL=C grep -n "$(printf '\342\200\231')" mizani.sw.msg
```

Kikoma cha kawaida cha kibodi kinatosha. Kiandikwe hicho.

Dalili: programu inaanguka, lakini kwa Kiswahili tu

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Tazama mistari hii mitatu:

```c
const char *kichwa = catgets(kat, 1, 1, "RECEIPT\n");
catclose(kat);
fputs(kichwa, stdout);
```

Pointa inayorudishwa na `catgets` inaelekea ndani ya katalogi yenyewe. Glibc haikunakilii maandishi. Inapofungua faili inalitandaza kwenye kumbukumbu kwa `mmap`, na `catclose` inakitandua kipande hicho. Baada ya hapo `kichwa` inaelekea mahali pasipokuwepo, na programu inauawa.

Sasa fikiria mtengenezaji anayefanya kazi kwenye kompyuta isiyo na lokali ya Kiswahili. Kwake `catopen` imeshindwa kimyakimya, `catgets` imerudisha `"RECEIPT\n"` iliyomo ndani ya programu yenyewe, na maandishi hayo hayafutwi na `catclose`. Kwake yote shwari, majaribio yanapita. Anayeangukiwa ni mtu wa kwanza kuitumia programu kwa Kiswahili. Ndiyo maana nasisitiza majaribio yaendeshwe kwa `LC_ALL=sw_TZ`, na yathibitishe kwamba katalogi ilifunguka kweli.

Funga katalogi mara moja, programu inapomaliza kazi. Ukilazimika kuyahifadhi maandishi baada ya kufunga, yanakili kwa `strdup`. Kufunga mara mbili ni kosa baya zaidi, kwa sababu mara ya pili glibc inasoma kumbukumbu ambayo ilikwisha kuachiwa. Baada ya kufunga, rudisha `kat = (nl_catd) -1`.

Kuna anguko jingine linalofanana na hili. Programu inafanya kazi, unasasisha tafsiri kwa `cp` au `gencat` juu ya faili lile lile, na ghafla inakufa kwa SIGBUS, ishara ya kernel kwamba kumbukumbu iliyoguswa haifikiki. Faili limefupishwa wakati limetandazwa kwenye kumbukumbu. Tengeneza faili jipya kwa jina la muda ndani ya folda hiyo hiyo, kisha `mv`. Programu inayoendelea itabaki na la zamani hadi iwashwe upya.

Anguko la tatu linatoka kwa `printf`. Kiingereza kinaweka idadi kwanza, sisi tunaweka kitu kwanza: "Sangara kreti 12". Kwa `printf(..., "%d crates of %s\n", kreti, aina)`, mtafsiri akiandika kwa uaminifu `%s kreti %d`, basi `printf` itaichukua 12 kama anwani ya maandishi na kwenda kuisoma. Andika nafasi za vigezo:

```
7 %2$s kreti %1$d\n
```

Kompaila haiwezi kuona ndani ya katalogi, hivyo hilo linabaki jukumu la anayepokea tafsiri. Kinachowezekana ni kuifanya gcc ikague angalau maandishi ya akiba, kwa kupitisha kila kitu kwenye fanksheni moja:

```c
__attribute__((format_arg(3)))
static const char *T(int seti, int namba, const char *akiba)
{
    int e = errno;
    const char *m = akiba;

    if (kat != (nl_catd) -1)
        m = catgets(kat, seti, namba, akiba);
    errno = e;
    return m;
}
```

Fanksheni hii inatibu mengine mawili. POSIX, kiwango cha mifumo ya ukoo wa Unix, hailazimishi `catgets` kuivumilia katalogi iliyoshindwa kufunguka. Glibc inavumilia, nyingine si lazima. Pia `catgets` ikikosa ujumbe inaweka `ENOMSG` kwenye `errno`, kwa hiyo mstari wa kawaida wenye `catgets` na `strerror(errno)` pamoja unaweza kuripoti kosa lisilo lako. Karani anaambiwa hakuna ujumbe, kumbe kebo ya mzani imechomoka.

Dalili: kumbukumbu inavimba siku hadi siku

Mtu ameweka `catopen` ndani ya kila stakabadhi na kusahau `catclose`. Hakiki kwa kuhesabu, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID:

```
grep -c mizani.cat /proc/PID/maps
```

Ikizidi moja na inapanda, umempata mhalifu. Fungua mara moja unapoanza. Ukibadilisha lugha katikati ya kazi, kuita `setlocale` peke yake hakuibadilishi katalogi iliyokwisha kufunguliwa. Funga, badilisha lokali, fungua tena.

Dalili: faili lipo, ruhusa zipo, strace inaonyesha limefunguliwa, bado Kiingereza

Basi faili si la ukoo huo. Katalogi iliyotengenezwa kwenye mfumo mmoja haisomeki lazima kwenye mwingine. Tazama baiti nne za mwanzo:

```
od -An -tx1 -N4 mizani.cat
```

Iliyotoka kwa glibc kwenye kompyuta za kawaida za Intel au AMD inaanza `de 08 04 96`. Ukiona `ff 88 ff 89`, hiyo ni ya ukoo wa BSD, ambao musl, maktaba ya C ya kontena za Alpine, nayo inaufuata. Ukijenga programu ndani ya Alpine lakini ukaleta `.cat` iliyotengenezwa kwenye Ubuntu, utaishia hapa. Kinachohamishika ni faili la `.msg`. Lihifadhi hilo kwenye hazina ya msimbo pamoja na programu, na `.cat` itengenezwe kwa zana za mfumo ule ule utakaoisoma.